Mashahidi wa Bahari ya Hindi

Shikamooni wazee, na vijana hamjambo. Nimepewa mada ya takwimu za joto la Bahari ya Hindi, tena baada ya chakula cha mchana. Atakayesinzia nimeshamsamehe.

Machi, maji ya Zanzibar hufika nyuzi joto 29 hivi za Selsiasi. Agosti, kusi ikivuma, hushuka karibu na 25. Sasa ukiniletea 27 ukaniuliza bahari imepata joto au imepoa, nami nitakuuliza: mwezi gani? Kwa hiyo tunachukua wastani wa Agosti zote, tuseme za 1991 hadi 2020, tunautoa kwenye Agosti yetu. Kinachobaki, nusu nyuzi au nyuzi moja, ndicho tunachokichambua.

Uliza pia namba imepimwaje. Meli za zamani zilivuta maji kwa ndoo ya turubai. Ndoo ikikaa sitahani kwenye upepo, maji yanapoa kabla kipimajoto hakijatulia. Baadaye wakaanza kupima maji yanayoingia kupoza injini, nayo huonyesha joto zaidi. Unganisha rekodi hizo bila kusahihisha, utatangaza joto lililoletwa na kuachwa kwa ndoo.

Penye mtego ni hapa. Miaka 40 ni miezi 480, nawe unadhani una mashahidi 480, yaani vipimo 480 visivyotegemeana. Huna. Bahari ni chungu kikubwa, kikishapata moto hakipoi usiku mmoja, kwa hiyo mwezi huu unafanana na uliopita. Tuseme uhusiano wa mwezi na unaoufuata ni 0.8, ambapo 1 ni kufanana kabisa. Unapotafuta wastani, zidisha 480 kwa 0.2, gawanya kwa 1.8: unapata 53. Waliobaki wanarudia maneno ya jirani. Na ukitaka kulinganisha bahari na mvua za vuli, miaka 40 ina vuli 40 tu, basi.

Mwaka 1999 N. H. Saji na wenzake waliandika katika jarida la Nature kuhusu daipoli ya Bahari ya Hindi: magharibi, upande wetu, kunapata joto huku Sumatra kukipoa. Waligawa mabadiliko ya joto katika sura mbalimbali, yaani mipangilio ya wapi kunapata joto na wapi kunapoa, kubwa kwanza. Sura ya kwanza ni bahari nzima kupanda au kushuka pamoja. Ya pili ndiyo daipoli, kama asilimia 12 ya mabadiliko yote.

Lakini hesabu hiyo ina sharti: sura ya pili isifanane hata kidogo na ya kwanza. Ikiwa ya kwanza ni bahari kupanda au kushuka pamoja kote, ya pili lazima iwe na upande unaopanda na mwingine unaoshuka, hata kama bahari haijui lolote kuhusu daipoli! Ndiyo maana mimi sura peke yake hainitoshi. Kinachonishawishi ni upepo wa ikweta kugeuka, maji baridi kupanda toka chini pwani ya Sumatra, na mvua kwetu. Vuli ya 1961, mwaka wa daipoli, ilinyesha mpaka Ziwa Victoria likaanza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limeongezeka zaidi ya mita mbili.

Vuli ya 1997 nayo ilifurika, ila mwaka huo El Niño kali, yaani joto la ziada la maji ya ikweta, ilikuwa Pasifiki, na kuitenganisha na daipoli ni kazi. Kwa hilo naitegemea zaidi 2019: daipoli kali, mafuriko Afrika Mashariki, na Pasifiki haikuwa na El Niño ya kutajwa.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, mama.