Kiima Kimejificha Wapi?

REHEMA: Kaka Juma, mwanafunzi wa Kiingereza anakaririshwa mapema: kiima, kitenzi, yambwa. "Asha reads books." Kiima usiguse! Anafunua ukurasa wa pili, anakutana na amri: "Open the door." Kiima kiko wapi?

JUMA: Na Kiingereza kiima hakikiachi hivihivi, dada. Hata mvua ikinyesha lazima kipatikane: "It is raining." Hiyo "it" haimtaji mtu wala kitu, imewekwa kujaza nafasi. Sisi tunakipachika ndani ya kitenzi, "anasoma", kwisha. Ndiyo maana mtu wetu anaandika "Is raining" wala hashtuki.

REHEMA: Kwa hiyo amri imevunja sheria?

JUMA: Wapi! Kiima ni "you", kimejificha tu. Ushahidi huu hapa: "Wash yourself" inakubali. Jaribu "Wash himself."

REHEMA: Inagoma.

JUMA: Kwa sababu "yourself" haikai bila "you" katika sentensi. Huioni, lakini ipo. Tena ukimwambia mgeni mmoja ajipakulie, ni "Help yourself." Wakiwa wengi, "Help yourselves."

REHEMA: Ahaa, hapo ndipo ile "-ni" yetu ya "someni" inapochungulia! Maana kitenzi chenyewe hakisemi kitu. "Read" ni ya mtoto mmoja na ni ya darasa zima.

JUMA: Barabara kabisa.

REHEMA: Mimi kinachonichosha ni "be". Mwanafunzi anaijua "You are quiet", basi anang'oa "you" anabaki na "Are quiet."

JUMA: Amri inataka kitenzi kikavu, kisichobeba wakati wala nafsi: "Be quiet." Halafu kwenye kukanusha kuna kituko. Siku zote "be" haina haja ya "do": "You are not late." Ikifika kwenye amri inaidai: "Don't be late."

REHEMA: Wakati sisi tukikanusha, kiima kinatoka mafichoni: "usichelewe", "msichelewe".

JUMA: Waingereza nao wanakitoa mafichoni wakitaka. "You sit here, and you sit there", anagawa nafasi. Au amekasirika: "You listen to me!"

REHEMA: Na adabu je? Mtu asitoke hapa akaanza "Give me water" kwa kila anayekutana naye.

JUMA: "Please" inasaidia, ila kwa usiyemzoea mara nyingi haitoshi. Geuza iwe swali: "Could you give me some water?" Hilo ndilo ombi. Lakini amri nayo isiogopwe, maana si kila amri inaamrisha. "Have a seat." "Take care." "Get well soon." Mgonjwa utamwamrishaje apone?

REHEMA: Sisi je, na "ugua pole" yetu?

JUMA: Eh! Hiyo nayo amri, tena unaamrishwa kuugua!