Homa Moja, Bili Ndefu

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja baada ya shughuli za kutwa.

Leo tuisome bili ya matibabu mstari kwa mstari. Mtu mzima ana homa na kichwa kinamgonga. Anatoka kwake Kongowea au Likoni, hapa Mombasa, aingia kliniki ya karibu, atoka na karatasi: malaria, taifodi, hesabu ya damu, sindano za siku tano, dripu, na mfuko wa vidonge. Homa ni moja. Yote haya ya nini?

Kipimo cha malaria kilikuwa lazima. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani lashauri mtu apimwe kwanza ndipo atibiwe. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Malaria ya kawaida ikionekana, dozi ya mseto (AL, dawa mbili za malaria ndani ya kidonge kimoja) kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara sita, siku tatu. Isipoonekana, dawa hiyo haina kazi.

Pesa nyingi hupotelea kwenye taifodi. Kipimo kilichozoeleka huitwa Widal. Tone la maji ya damu huchanganywa na tone la dawa juu ya kigae, kikatikiswa, kisha fundi wa maabara akatazama kama mchanganyiko umeshikana chembechembe. Hapo hatafutwi mdudu. Wanatafutwa askari wa mwili waliowahi kupigana naye. Askari hao hubaki kwenye damu kwa miezi baada ya mtu kupona, na mara nyingine huitika kwa ugonjwa mwingine kabisa, hata malaria. Kwa hivyo mtu asiye na taifodi aweza kuandikiwa kiwango cha askari hao, tuseme 1:80, akaanza kudungwa antibayotiki ya seftriaksoni. Dozi ikiisha hurudishwa maabara aangaliwe "kama imetoka". Namba bado iko juu, na lazima iwe hivyo, lakini yeye aanzishwa dozi ya pili. Hili nawaomba mlishike: Widal haipimi kupona. Kipimo cha kutegemewa zaidi ni kuotesha damu maabara kuona kama mdudu mwenyewe ataota, na damu itolewe kabla ya antibayotiki ya kwanza. Jibu huchukua siku kadhaa.

Sasa dripu. Wengi huiomba wenyewe, "nitiwe maji nipate nguvu". Chupa ya mililita 500 ya maji ya chumvi ina gramu 4.5 za chumvi, haifiki kijiko cha chai. Ile ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25, kama vijiko sita vya chai. Anayeweza kunywa hapati humo chochote asichokipata kwa kikombe, ila mshipa uliotobolewa, ambao waweza kuvimba au kuingia wadudu. Anayeharisha na bado anakunywa, pakiti moja ya chumvichumvi (ORS) ikorogwe kwenye maji safi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtoto aliyepita miezi sita huongezewa zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14.

Mwaka 1963 mwanauchumi Kenneth Arrow alieleza jinsi soko la tiba lisivyofanana na masoko mengine: mgonjwa hajui anachokihitaji, hutegemea kuambiwa na yule yule anayemuuzia. Kliniki ikilipwa kwa kila kinachoandikwa, vitaandikwa vingi. Bima haiondoi gharama hiyo. Tangu Oktoba 2024 mshahara hapa Kenya wakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, na kila dripu ya bure hutoka humo. Na sisi tuna sehemu yetu, tunapomdharau daktari aliyetuambia tukapumzike tunywe maji.

Kabla ya kutoa mkono upimwe, uliza kwa adabu: "Daktari, jibu la kipimo hiki litabadilisha dawa utakayonipa?" Kama halibadilishi kitu, hakuna haja ya kukilipia.

Lakini homa yenye degedege, shingo ngumu, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, au kutapika kila anachokunywa, huyo usimkalishe nyumbani ukihesabu shilingi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na dripu hapo ni haki yake.