Nahodha wa Angani Hajawahi Kuishiwa na Salio

NJOROGE: Imeshika? Hiyo taa nyekundu inawaka?

ATIENO: Inawaka. Anza tu. Wingu limesimama juu ya ziwa, na mvua ikigonga hili bati hakuna atakayesikia kitu.

NJOROGE: Haya, karibuni tena. Mimi ni Njoroge, mtoto wa Nakuru niliyehamia Kisumu na ugonjwa wangu wa filamu za sayansi ya kubuni. Nimeugua tangu darasa la tatu, sijapona.

ATIENO: Na mimi ni Atieno, nyar Awasi, yaani binti wa Awasi, fundi wa simu. Kazi yangu hapa ni kumshusha Njoroge kutoka mwezini. Nianze?

NJOROGE: Anza, dada.

ATIENO: Jumamosi nilikuwa nyumbani. Tumekaa nje na mama tunachambua osuga, mara droni hiyo, inapita juu ya miembe. Mama hakuinua hata kichwa. Alisema tu, "Ile ya saa nne leo imechelewa."

NJOROGE: [kicheko] Imechelewa! Kama matatu ya Ahero!

ATIENO: Ndivyo alivyosema. Akaendelea na mboga zake.

NJOROGE: Unaona, hicho hakuna filamu imewahi kunipa. Kwenye filamu kitu kikipita angani kijiji kizima hutoka nje, midomo wazi, ngoma zinapigwa, mbwa anabweka. Mama yako analalamikia ratiba.

ATIENO: Tuwaeleze wa mbali kwanza. Kituo cha droni hizo kiko Chemelil, huku huku kaunti ya Kisumu, kwenye nchi ya miwa. Kampuni inaitwa Zipline, ile iliyoanzia Rwanda mwaka 2016 kwa kupeleka damu hospitalini. Na msifikirie ile droni ya mapanga manne ya kupiga picha za harusi. Hii ina mabawa kama ndege kamili, upana wake mita tatu hivi, na mzigo wake haufiki kilo mbili. Inarushwa kwa manati...

NJOROGE: Manati!

ATIENO: Manati, omera. Ni reli imeinuliwa kidogo, inaifyatua, na kabla hujapepesa macho ishashika kasi ya gari la barabara kuu. Ikifika juu ya zahanati haitui. Inafungua tumbo, boksi linashuka na parashuti ya karatasi, yenyewe inageuka kurudi. Na nyumbani pia haitui kama ndege nyingine. Mkiani ina ndoano, inanaswa na kamba ikiwa bado hewani.

NJOROGE: Inavuliwa kama mbuta.

ATIENO: Kama mbuta wa Dunga. Sasa wewe na filamu zako mngeishia hapo, majina yapande, watu waende nyumbani. Mimi nina binamu muuguzi. Yeye akipata ujumbe kwamba mzigo umekaribia, kazi yake ya kwanza ni kutoka nje kufukuza ng'ombe.

NJOROGE: Ng'ombe?

ATIENO: Si wamezoea kula majani pale pale boksi linapoangukia? Anafukuza ng'ombe, anangoja, boksi linatua kwenye nyasi, anaingia na gambuti kuliokota mbio kwa sababu ndani kuna chanjo na chanjo haipatani na jua. Hiyo yote ni sehemu ya mtambo. Ukimtoa binamu yangu, umebaki na ndege inayotupa karatasi shambani. Hawa watunzi wako hukisia kifaa vizuri sana, siwanyimi. Ila yule mtu anayesimama kando ya kifaa hawamwoni kabisa.

NJOROGE: Hapo unawaonea. Chukua simu. Mwaka 1966 Star Trek inaanza kwenye televisheni, nahodha anafungua kifuniko, anaongea na chombo kilicho juu angani. Miaka saba baadaye, Aprili 3, 1973, Martin Cooper wa Motorola anasimama kando ya barabara New York na simu ya mkononi, ya kwanza kabisa, anampigia mshindani wake wa Bell Labs. Yaani simu ya kwanza ya mkononi duniani ilikuwa ya kumringia mtu!

ATIENO: Hiyo naielewa. Ilikuwa na uzito gani?

NJOROGE: Zaidi ya kilo moja.

ATIENO: Hiyo ikianguka unatengeneza sakafu, si simu. Na ni kweli alimwiga huyo nahodha?

NJOROGE: Wacha nikiri. Hadithi hiyo imeenea kila mahali, na mimi nimeisambaza. Baadaye Cooper mwenyewe alisema kilichomtia wazo ni Dick Tracy, askari wa vibonzo vya magazetini aliyevaa redio mkononi kama saa. Nilihuzunika siku mbili.

ATIENO: Pole. Basi nijibu swali la fundi. Miaka yote hiyo ya Star Trek, nahodha aliwahi kuishiwa na salio?

NJOROGE: [kimya] Hapana.

ATIENO: Hajawahi kusimama katikati ya vita vya sayari akaambiwa salio lake halitoshi kupiga simu hii?

NJOROGE: Angeomba Okoa Jahazi, ule mkopo wa salio wa Safaricom!

ATIENO: [kicheko kirefu] Na jahazi lenyewe analo!

NJOROGE: Jahazi linalipuka, wanamwambia kwanza alipe deni la juzi.

ATIENO: Hapo sasa tuko Kenya. Maana sisi tulipopewa simu, kitu cha kwanza tulichovumbua ni namna ya kuongea bila kupiga. Kuflashi. Nikiwa bweni, mimi na mama tulikuwa na lugha nzima. Mlio mmoja, nipigie. Miwili, nimefika salama. Mitatu, pesa imeisha. Kampuni ilijenga minara, ikaajiri wahandisi, sisi tukapitisha habari zote kwenye mlio ambao haukatwi hata senti. Mpaka leo mama ana bando, ana vocha, bado ananiflashi. Anasema kupiga simu ni kazi ya watoto.

NJOROGE: Cucu wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa hivyo hivyo. Na chaji?

ATIENO: Chaji! Kabla stima haijafika kwetu, simu zililala kwenye kinu cha posho. Unaikuta na plasta mgongoni, imeandikwa namba kwa kalamu. Yule wa kinu alijua simu ya nani inakufa haraka na ya nani inaingia ujumbe usiku. Huyo ndiye alikuwa mtandao wenyewe. Februari 2018 walipoleta filamu ya Black Panther hapa Kisumu, kwa kina Lupita Nyong'o aliyeigiza ndani yake, mji wote umevalia, mimi nilikaa pale nikitazama zile shanga za mkononi zinazotoa picha hewani...

NJOROGE: Shanga za kimoyo. Na jina lenyewe unalisikia, lina moyo ndani.

ATIENO: ...nikawa najiuliza tu, zinachajiwa wapi na nani ameshika plasta.

NJOROGE: Wewe hufai kupelekwa sinema.

ATIENO: Na pesa je? Nani kwenye filamu zako alikisia M-Pesa?

NJOROGE: Pesa bila noti walikisia mapema. Edward Bellamy, Mmarekani, aliandika riwaya mwaka 1888, na watu wake wa mwaka 2000 wananunua vitu kwa kadi. 1888, Atieno! Reli ya kutoka Mombasa haijafika huku.

ATIENO: Kadi, sawa. Aliweka kibanda?

NJOROGE: Kibanda gani?

ATIENO: Kibanda cha kijani, mama ndani, daftari la kuandika namba ya kitambulisho, na ile sentensi ya "float imeisha, ngoja nimtume kijana benki." M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, lakini majaribio yalianza 2005, na yalikuwa ya watu kulipa mikopo midogo. Basi. Wale waliopewa simu za majaribio wakaanza kutumiana pesa kwa shughuli zao wenyewe, mkopo ukawa jambo la pembeni. Hakuna mhandisi aliyewatuma. Na pesa ya simu isingetembea hatua moja bila mtu wa kukupa noti mkononi kule Awasi. Kwenye vitabu pesa huruka yenyewe. Hapa ina mama anayefunga saa mbili usiku.

NJOROGE: Nakubali nusu. Na nikuongezee yangu, nikupe risasi. Unakumbuka tulivyoanza kuona hizi filamu? Mimi sikuziona sinema. Niliziona kwenye kibanda cha video Nakuru, benchi la mbao, pazia la gunia, na sauti ya DJ Afro juu ya Mzungu anayeongea. Kiswahili na Sheng, anakueleza nani mbaya, nani anasalitiwa, na anaongeza mambo ambayo hayamo kabisa. Kuna filamu nilizirudia ukubwani kwa Kiingereza nikaona zimepungua. Nilikuwa nikimpenda DJ, si filamu.

ATIENO: Mtu wa kando ya kifaa.

NJOROGE: Ndiyo, umeshinda hapo, usinikodolee macho. Lakini ngoja nikupe ile ya cucu. Mwaka 1983 ilitoka Return of the Jedi, ya Star Wars. Mwishoni kuna vita vikubwa vya anga, na rubani msaidizi wa Lando, mmoja wa mashujaa, ni kiumbe mmoja mwenye mashavu ya kuning'inia na macho meusi makubwa. Jina lake Nien Nunb. Mimi niliiona miaka mingi baadaye, kwa televisheni, likizo, nyumbani Bahati. Cucu yuko nyuma yangu anamenya viazi, hana habari na vita vya nyota. Yule kiumbe akafungua mdomo. Cucu akaweka kisu chini. "Huyo ni wa wapi?"

ATIENO: Kwa nini?

NJOROGE: Kwa sababu alikuwa anaongea Kikuyu!

ATIENO: Wacha uongo.

NJOROGE: Naapa. Sauti ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani wakati ule. Kwa mtazamaji wa California ilikuwa lugha ya sayari nyingine. Kwa cucu ilikuwa jirani, ila jirani mgonjwa. Aliniuliza mara mbili kwa nini hawajampeleka hospitali na mashavu yake yale.

ATIENO: [anacheka] Mungu wangu. Na jina la Kikalenjin, Kipsang, anaongea Kikuyu, angani.

NJOROGE: Nakuru tupu hiyo! Hapo ndipo nilipopigwa na hiki kitu na sijapona. Na yule dada wa mawasiliano wa Star Trek, Uhura, jina lake limetolewa kwa uhuru, uhuru huu wetu. Nichelle Nichols aliyemwigiza alikuja kufanya kazi na NASA miaka ya sabini kuwatafutia wanaanga wanawake na weusi. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa ndani ya chombo kile muda wote, sisi tumekaa benchi tukidhani tunatazama mambo ya wageni.

ATIENO: Lakini jina walichukua, watu hawakuchukua. Rubani wako wa Kikuyu wamempa mashavu ya raba.

NJOROGE: ...Hiyo inauma kidogo.

ATIENO: Nimesema tu.

NJOROGE: Sawa. Mimi nina swali moja la kukubana. Zile baluni za intaneti za Loon, kampuni dada ya Google.

ATIENO: Aa, baluni zangu!

NJOROGE: Ulizipenda.

ATIENO: Sana. Julai 2020, tumefungiwa na korona, na juu yetu kilomita ishirini hivi kuna baluni zinamwaga intaneti. Thelathini na kitu, zilitandaa kutoka Nakuru, Kericho, Kakamega, mpaka hapa Kisumu, wakishirikiana na Telkom. Ndege za abiria zinapita chini yake! Na hazikuwa na injini ya kuzisukuma. Upepo wa juu una tabaka, kila tabaka na uelekeo wake. Baluni inapanda au inashuka mpaka ikute upepo unaoenda inakotaka. Kompyuta ndiyo inachagua. Nilimweleza mvuvi mmoja Dunga, akanitazama kama mjinga. "Si hiyo ni tanga?"

NJOROGE: Na Januari 2021 wakatangaza wanafunga. Sasa, kwa hoja yako, zilikufa kwa sababu hazikuwa na mtu wa kando?

ATIENO: Hapana. Usinipambie hoja. Zilikufa kwa gharama, wenyewe walisema hawakuweza kuishusha ya kutosha. Mtu wa kando haponyi hesabu mbaya. Ila nakwambia hivi: kinu cha posho kilipofungwa, watu walilia. Baluni zilipoondoka, pale kwangu dukani hakuna mteja hata mmoja aliyeuliza zimeenda wapi. Hakuna aliyezijua kwa uso.

NJOROGE: Ungetaka ziwe na uso?

ATIENO: Ningetaka kijana mmoja pale Kondele chini ya mwavuli, wa kutukanwa intaneti ikipotea.

NJOROGE: [anacheka] Huo mwavuli nitautia kwenye filamu yangu. Nina filamu, nimewaambia? Chombo cha angani kimekwama, na shujaa ni...

[simu inalia mara moja, inakatika]

NJOROGE: Nani huyo? Si tulisema tuzime?

ATIENO: Mama.

NJOROGE: Mlio mmoja.

ATIENO: Mmoja. Shika hiyo maiki, nimpigie.