Nimewaleta Oodi, maktaba ya Helsinki watu wanakoshonea nguo

Hodi hodi nyumbani! Wazee wangu shikamooni, ndugu zangu hamjambo. Leo tupo katikati ya jiji la Helsinki, na hili jengo refu lililovikwa mbao mnaloliona nyuma yangu ni Oodi, maktaba kuu ya jiji. Najua kuna watu wakisikia neno maktaba wanataka kuhama video. Naomba mkae. Tangu nianze kuwaonyesha maisha ya huku Ufini, hakuna sehemu niliyotamani muione kama hii.

Ngoja nigeuze kamera. Ng'ambo ya huu uwanja, lile jengo la mawe lenye nguzo ndefu, ni Bunge la Ufini. Maktaba na Bunge wanatazamana uso kwa uso, na walivipanga hivyo kwa makusudi. Shikeni hilo, tutalirudia tukifika juu.

Tuingie. Mnaona mlangoni? Hakuna mlinzi wa kuniuliza naenda wapi, hakuna daftari la kuandika jina na saa ya kuingia, hakuna kuacha begi. Kadi ya maktaba unaihitaji ukitaka kuazima kitu, nayo wanakupa bure ukiwa na kitambulisho na anwani ya hapa. Kuingia na kukaa tu, hakuna anayekuuliza kitu. Leo Jumapili na pamewaka hivi. Wikiendi wanafungua saa nne asubuhi hadi saa mbili usiku, siku za kazi ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku.

Hapa chini nitapita haraka. Kuna mgahawa, kuna ukumbi wa mikutano, na mlango ule ni wa sinema, inaitwa Kino Regina, wanaonyesha hata filamu za zamani. Angalieni tu jinsi palivyo wazi, hakuna nguzo katikati. Jengo limeshikiliwa na matao mawili makubwa ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita 100, kama daraja vile, ndiyo maana watu wanapita huku chini kama wako uwanjani.

Hizi ngazi za mzunguko zina maneno ya Kifini yaliyoandikwa kuta nzima. Ni kazi ya msanii Otto Karvonen. Wakazi waliulizwa maktaba hii iwe zawadi kwa nani, na majibu yao ndiyo haya. Kila neno ni watu wa aina fulani. Napenda sana kupita hapa na wanangu, wanasoma wakipanda.

Haya, ghorofa ya pili. Hapa sasa ndipo mimi nakaa.

Fundi wote mnaonitazama, fundi wa Kariakoo, wa Mwanza, wa Mombasa, sogeeni. Hizi ni cherehani za umeme, pembeni pale kuna mashine za ovaloki, na ile ni pasi na meza yake. Zote ni za maktaba. Unaweka nafasi kwenye mtandao, siku yako ikifika unakuja na kitambaa chako, unashona, muda ukiisha unampisha mwenzako. Hulipi kutumia mashine. Gauni la kitenge nililovaa Idi, lile mlilonisifia, nimelishonea hapa hapa. Pembeni yangu alikaa babu wa Kifini anafupisha mapazia, na upande wa pili wasichana wawili wanafunzi walikuwa wanatengeneza mabegi kwa jinzi kuukuu. Yule babu akauliza kitambaa kinatoka wapi, tukaanza kuongea, na mnajua nimewaambia mara nyingi Wafini si watu wa kuanza maongezi na mgeni. Mkikaa na kazi mkononi, ulimi unafunguka.

Mbele kule kuna printa za 3D, mashine ya leza ya kukatia mbao, printa za mabango makubwa. Hizo kitu unacholipia ni malighafi. Vyumba hivi vyenye vioo ni studio za muziki. Kuna magitaa, kuna ngoma, kijana asiye na hata shilingi ya kukodi studio anakuja kurekodi wimbo wake. Kuna vyumba vya michezo ya kompyuta, vyumba vya vikao, hata jiko unaloweza kuliwekea nafasi mkapika na wenzako. Na kwa wale mnaojiuliza mtu anasomaje na kelele zote hizi, kuna chumba cha kusomea chenye ukimya kabisa. Ukimya upo kwa anayeuhitaji, na mwenye kelele yake naye ana pake.

Nataka niseme kitu kwa vijana wanaojiandaa kuja huku, kwa sababu hamwambiwi. Ugumu wa mwanzo wa ughaibuni siyo baridi peke yake. Ni kwamba ukitoka nje ya chumba chako, kila sehemu yenye joto inataka ununue kitu. Mgahawani ununue kahawa, dukani ukizubaa bila kununua unatazamwa. Na huku Desemba jua linazama saa tisa mchana. Mtu asiye na kazi bado, asiye na ndugu, anajifungia ndani, na kujifungia huko kumeharibu watu wengi ninaowafahamu. Mimi maktaba ndiyo ilinitoa ndani. Kwenye maktaba za jiji kuna vikundi vya kuongea Kifini, unakaa mezani na wageni wenzako na wenyeji wachache, mnaongea taratibu, hakuna mtihani wala ada. Kwa hiyo ukifika tu, kabla hujatafuta duka la unga wa ugali, tafuta maktaba ya karibu na unapoishi. Nalisema hili kwa moyo wangu wote.

Twende juu. Ngazi za umeme hizi.

Subhanallah, kila nikifika hapa navuta pumzi. Ghorofa nzima ni ukumbi mmoja. Wanaiita mbingu ya vitabu. Dari ni jeupe lenye matundu ya duara ya kuingiza mwanga, sakafu ya mbao inapanda kama kilima huku na huku, na kuna miti hai ndani. Vitabu hapa ni kama 100,000. Kwa maktaba kuu ya mji mkuu ni vichache, na hata mimi nilijiuliza. Lakini maktaba za Helsinki na miji jirani ya Espoo, Vantaa na Kauniainen zimeungana, kadi ni moja. Kitabu kikiwa maktaba nyingine unakiagiza, wanakuletea hapa. Ndiyo maana hapa wameweza kuwaachia watu nafasi badala ya kujaza makabati.

Ule msururu wa vigari vya watoto ni maegesho, ndiyo, vigari vya watoto vina maegesho yake. Na kule mwisho ni sehemu ya watoto. Sikilizeni hizo kelele! Hakuna anayewaambia nyamaza. Mama ananyonyesha pale, baba anabingirika na mtoto sakafuni, wazee wawili wanasoma magazeti hatua chache tu kutoka hapo. Mtoto wangu wa mwisho akisema twende maktaba, kwake ni kama amesema twende ufukweni.

Sasa tokeni na mimi kwenye roshani. Baridi, lakini nataka muone. Lile pale Bunge. Hapa tuliposimama ni usawa mmoja na ngazi za juu za Bunge, yaani raia akisimama hapa hamtazami mbunge kwa kuinua shingo. Sisi watu wa pwani tunaijua baraza, ile ya mawe nje ya nyumba, mpita njia anakaa bila kualikwa. Mimi hapa ndipo napaona baraza ya Helsinki.

Na haikutokea kwa bahati. Kuna Sheria ya Maktaba iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2017. Inataja kazi za maktaba ya umma: kukusanya na kuazimisha vitabu, ndiyo, lakini pia kutoa mahali pa kujifunzia, pa kufanyia kazi, pa burudani na pa shughuli za kiraia, na kuchochea mazungumzo katika jamii. Imeandika wazi pia kwamba kutumia maktaba na kuazima ni bure. Kwa hiyo ile cherehani kule chini siyo hisani ya mkurugenzi fulani. Na kabla jengo halijachorwa, wakazi waliulizwa wanaota maktaba ya namna gani. Michoro 544 ililetwa kwenye shindano, wakashinda wasanifu wa ALA Architects. Hata jina Oodi lilipatikana kwa kuwaomba wananchi wapendekeze.

Limegharimu kama euro milioni 98. Nimeitaja hiyo hela makusudi, kwa sababu najua kwenye maoni mtaandika, dada hao wana pesa, sisi tutawezea wapi. Nisikilizeni vizuri.

Oodi ilifunguliwa tarehe 5 Desemba 2018, mkesha wa sikukuu yao ya uhuru, ikiwa zawadi ya miaka 100 ya uhuru wa Ufini. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya uhuru wetu, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, barabara ambayo leo ni Bibi Titi Mohamed. Nchi ilikuwa na miaka 6 tu! Na sheria ya kuunda bodi ya maktaba ilipitishwa 1963, hata madarasa hayajatosha. Wale wazee hawakusubiri tutajirike ndipo watu wasome. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Maktaba ya Mkoa wa Tanga, lile jengo lililojengwa wakati wa mkoloni kwa jina la Mfalme George wa Sita. Pale ndipo nilifanyia kazi zangu za shule, kwa sababu nyumbani hapakuwa na meza.

Na majirani zetu Nairobi wanafanya kitu kinachonipa nguvu. Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk mwaka 2017, wakashirikiana na kaunti kufufua maktaba za zamani. Kaloleni na Makadara, mitaa ya watu wa kawaida, maktaba zimekarabatiwa, watoto wanasimuliwa hadithi, kuna matamasha na filamu. Majengo yalikuwepo tayari, na wakazi waliulizwa wanataka nini ndani yake.

Kwa hiyo nina ombi. Wiki hii nenda maktaba ya mkoa wako au ya kaunti yako. Angalia inafungwa saa ngapi, na Jumapili je? Soketi zina umeme? Mama mwenye mtoto mgongoni anakaribishwa? Kuna chumba kimekaa kama stoo ya viti vibovu, ambacho fundi mmoja angeweza kufundishia vijana kushona? Niandikie hapo chini na utaje mji wako. Majibu nitayasoma yote, nitayapanga mkoa kwa mkoa, na video ijayo itakuwa ni hayo tu. Tanga wenzangu, ninyi ndio wa kwanza, nawasubiri.