Mteja Asiyelalamika

Mwenyekiti, wageni waalikwa, ndugu zangu, habari za jioni.

Mzungumzaji akitaka kuchangamsha ukumbi huwaomba watu wanyooshe mikono. Leo ningeuliza: nani hapa amewahi kulipia programu ya kutafuta mchumba? Tulieni, siulizi. Hakuna ambaye angenyoosha, na kimya hicho ndicho kilichonileta hapa. Mtu akikatwa fedha isivyo halali na kampuni ya simu, atapiga kelele mpaka majirani wajue. Akikatwa na mtandao wa wachumba, anameza. Kulalamika ni kutangaza kwamba ulikuwa unatafuta, na pengine kwamba hukupata. Nitajaribu kuonyesha kuwa aibu hiyo inaingizia watu fedha.

Niondoe dhana moja mapema. Siwacheki wanaotafuta wenza mtandaoni. Huduma hizi si ngeni tena, mtandao wa wachumba wa Match.com ulianza 1995. Utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani, uliotolewa 2023, ulionyesha kuwa kwa kila watu wazima kumi wenye wenza nchini humo, mmoja alikutana na mwenzake huko. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa asilimia 35 ya waliowahi kutumia huduma hizi wamewahi kuzilipia. Wala simlaumu mfanyabiashara kwa sababu mteja wake hakupendwa. Mapenzi hayauzwi, na mteja mwenye akili timamu anajua. Kinacholalamikiwa ni mambo ambayo yangeweza kabisa kuuzwa kwa uaminifu: ujumbe, bei, muda, na mlango wa kutokea.

Tuanzie kwenye kioo cha simu. Umejisajili bure. Umeweka picha tatu, umeandika mistari miwili kuhusu unachopenda. Kesho yake asubuhi inaingia taarifa: kuna watu saba wamevutiwa nawe. Unafungua. Unakuta picha saba zimetiwa ukungu. Unaona umbo la kichwa, rangi ya nguo, labda tabasamu, sura huioni. Chini yake kuna kitufe kinachong'aa. Unakibonyeza, vinakuja vifurushi vitatu. Kile cha miezi sita kimeshachaguliwa kwa niaba yako na kuandikwa kuwa ndicho kinachopendwa zaidi. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya wiki moja. Jumla utakayokatwa sasa hivi iko chini, kwa maandishi ya kijivu, pamoja na sentensi kwamba usajili utajirudia wenyewe muda ukiisha. Unaweka kidole gumba, fedha imekwenda. Ukungu unaondoka, na mara nyingi unakuta mmoja yuko nchi nyingine, wawili hawajaonekana mtandaoni siku nyingi, na mwingine ana umri ambao wewe mwenyewe ulishasema hapana.

Hapo ndipo mteja anapoanza kujiuliza kama alidanganywa. Mara nyingi jibu ni kwamba hakudanganywa, aliharakishwa. Lakini kuna nyakati ambapo mamlaka zimesema wazi kuwa kulikuwa na udanganyifu.

Mwaka 2014 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na kampuni moja ya Uingereza, JDI Dating. Kampuni hiyo ilikuwa ikiwatumia wanachama wapya ujumbe kutoka kwa watu ambao hawakuwapo duniani. Wasifu wao ulitungwa na kampuni yenyewe ili mteja alipie apate kuwajibu. Ilitakiwa kulipa dola 616,165.

Miaka mitano baadaye, Septemba 2019, FTC ikaishtaki Match Group, wamiliki wa Match.com na Tinder. Shtaka hilo naomba tulisome taratibu. Asiyelipa aliweza kupokea taarifa kuwa kuna mtu amemwandikia, ila hakuweza kuusoma ujumbe mpaka alipie. FTC ilidai kuwa sehemu ya ujumbe huo ilitoka kwenye akaunti ambazo mitambo ya kampuni ilikwisha kuzishuku kuwa za matapeli. Waliokuwa wanalipa tayari walikingwa, ujumbe ukazuiwa kwanza ukaguliwe. Wasiolipa walitangaziwa. Kwa hesabu ya tume, kati ya Juni 2016 na Mei 2018, usajili 499,691 ulinunuliwa ndani ya saa 24 baada ya mteja kupokea tangazo la namna hiyo. Aliyelipa mapema alikutana na tapeli. Aliyechelewa kidogo alikuta akaunti imeshafungwa.

Kampuni ilikanusha. Mwaka 2022 jaji aliyatupa madai yaliyohusu ujumbe huo, kwa sababu ya sheria ya Marekani inayokinga mitandao dhidi ya lawama za maudhui ya watumiaji wake. Madai mengine yalibaki, na Agosti 2025 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 14. Lililobaki lilihusu nini? Dhamana, kujitoa, na wateja waliopinga makato kupitia benki zao.

Dhamana yenyewe ilikuwa hivi: usipompata mtu wa maana ndani ya miezi sita, unapewa miezi sita mingine bure. Inapendeza kusikia. Masharti sasa: wasifu wako uwe wazi kwa wote na picha yake iwe imekubaliwa ndani ya siku saba za mwanzo, kila mwezi uwaandikie watu watano tofauti wanaolipia, na katika wiki ya mwisho uende kwenye ukurasa maalumu ukaombe zawadi yako. Tume ilisema masharti hayo hayakuelezwa ipasavyo. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hawakutuambia la kufanya pale mwenye kitanda anapokishusha kila unapoinama. Na tusisahau fidia yenyewe ni nini. Huduma imeshindwa kwa miezi sita, na pole unayopewa ni huduma ileile.

Bei nitaigusa kwa ufupi. Tinder ilipoanzisha huduma yake ya kulipia mwaka 2015, nchini Marekani waliofikisha miaka 30 walitozwa dola 19.99 kwa mwezi, na walio chini ya hapo 9.99 au 14.99. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ya California ilisema utaratibu huo unakiuka sheria ya jimbo inayokataza ubaguzi. Wengi walikuwa hawajui kama jirani analipa nusu ya bei yao, na wangejuaje? Hakuna anayeulizana bei za vitu hivi.

Sasa tuje kwenye kutoka, ambako barua nyingi za hasira huzaliwa.

Kosa la kwanza la mteja, na nasema kosa kwa upole kwa sababu limetengenezewa mazingira, ni kuifuta programu kwenye simu na kuamini amemalizana nayo. Hajamalizana. Ukilipia kupitia duka la programu la simu yako, mkataba wa malipo unakaa kwenye akaunti yako ya dukani. Programu unaweza kuifuta leo, na makato yakaendelea mwaka mzima. Ukilipia kwa kadi moja kwa moja kwenye tovuti, mkataba uko kwenye tovuti. Kwa hiyo watu wawili wenye huduma ileile wana milango miwili tofauti ya kutokea, na huduma kwa wateja humrusha mteja kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Ukiupata mlango, unakutana na mabawabu. Unaulizwa sababu ya kuondoka. Unaonyeshwa picha za utakaowakosa. Unapunguziwa bei nusu, jambo linalokufanya ujiulize ile bei ya jana ilikuwa ya nini. Unaulizwa kama una uhakika, na kitufe cha kubaki kina rangi wakati cha kuondoka ni maandishi matupu. Nimewahi kumsikia mtu mzima, mwenye kazi ya kuongoza watu, akisema alirudi nyuma hapo kwa sababu alihisi anakata tamaa ya kuoa, kumbe alikuwa anasitisha malipo tu.

Ujerumani walichoka. Tangu tarehe 1 Julai 2022, sheria yao inataka mikataba ya namna hii iliyofungwa mtandaoni iwe na kitufe kinachoonekana wazi cha kusitisha. Marekani FTC ilitangaza kanuni inayofanana na hiyo Oktoba 2024, mahakama ya rufani ikaibatilisha Julai 2025, siku chache kabla haijaanza kutumika kikamilifu.

Kesi ninayoipenda kuliko zote iliamuliwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Mteja wa Ujerumani alinunua uanachama wa miezi 12 kwenye mtandao wa wachumba kwa euro 523.95. Baada ya siku nne akajitoa, ndani ya muda ambao sheria inamruhusu kubadili mawazo. Kampuni ikamdai euro 392.96. Robo tatu ya mwaka mzima, kwa siku nne! Mahakama ikasema kimsingi fidia ihesabiwe kulingana na muda uliotumika, isipokuwa mkataba uwe umetaja wazi huduma fulani inayotolewa yote mwanzoni na kwa bei yake pekee. Siku nne kati ya 365 ni chini ya euro 6. Ninachokipenda zaidi ni kwamba mtu huyo hakunyamaza. Angenyamaza, tusingekuwa na uamuzi huo.

Ukitaka kuiona aibu ikitiwa kwenye mizani na kupangiwa bei, tazama Ashley Madison, mtandao uliowalenga watu walio kwenye ndoa. Uliwatoza wateja dola 19 ili wafutiwe kabisa taarifa zao. Julai 2015 wadukuzi wakauvamia, na ikabainika kuwa taarifa za hata baadhi ya waliolipia kufutwa zilikuwa bado zimehifadhiwa. Mteja gani angekwenda mahakamani kudai dola 19 zile, kwa jina lake kamili?

Basi niseme la kufanya. Kabla ya kulipa, chagua muda mfupi kuliko yote hata kama bei yake kwa wiki ni kubwa, kisha usitishe kujirudia siku hiyohiyo. Kwa kawaida utaendelea kutumia mpaka muda wako uishe. Piga picha ya kioo kinachothibitisha. Siku ya kuondoka, sitisha malipo kwanza, akaunti uifute baadaye, maana ukianza na akaunti unaweza kukosa hata pa kuingilia. Mkivutana kuhusu fedha, waandikie wao kabla ya kwenda benki. FTC iliwatuhumu Match kwa kuwafungia akaunti wateja waliopinga makato benki, hata kama walikuwa na muda waliokwisha kuulipia.

Na barua ya malalamiko haihitaji kutaja mapenzi hata mara moja. "Nilisitisha usajili tarehe hii, uthibitisho nimeuambatisha. Tarehe hii nimekatwa tena kiasi hiki, namba ya muamala ni hii. Naomba nirejeshewe ndani ya siku 14." Hakuna maelezo ya upweke, hakuna utani wa kujilinda, hakuna "najua nilikuwa mjinga". Anayeisoma upande wa pili hatajua kama ulikuwa unatafuta mume au unalipia gazeti, na hana haja ya kujua. Nakala ipeleke kwa mamlaka ya kumlinda mlaji.

Asanteni. Maswali sasa.