Siku Ilirefuka Lini, na Nani Alitutangazia?

Shikamooni wakubwa. Vijana, hamjambo. Bwana Yesu asifiwe. Asanteni. Nimepewa dakika arobaini, na Mwenyekiti kanionyesha saa yake hata kabla sijasimama, maana ananijua.

Niseme mapema nisichokuja kusema, kwa sababu nikimaliza kuna mtu atanisubiri pale mlangoni. Sikuja kuwaambia siku za Mwanzo sura ya kwanza zilikuwa na urefu gani. Mwenye saa zake ishirini na nne atoke nazo salama, na mwenye mamilioni yake ya miaka atoke nayo. Swali langu ni jingine, na nimeliuliza kwenye semina, kwenye matanga, hata ndani ya daladala mpaka konda akaniambia mama tushuke. Mafundisho yalipobadilika, ni nani alisimama mbele ya watu akasema, "Ndugu zangu, tulikuwa tunafundisha hivi, sasa tunafundisha vile"?

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nimefundisha Maarifa ya Biblia sekondari miaka ishirini na sita. Mwaka mmoja tulikodi basi, tukawapeleka kidato cha pili Olduvai. Safari ilikuwa ya mwalimu wa historia. Mimi nilikwenda kama mlezi wa wasichana na mlinzi wa mikate. Tukafika, tukasimama kwenye kile kijua, tukaonyeshwa kule Mary Leakey alikookota fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959. Tukatajiwa umri wake: miaka milioni moja na laki saba na nusu. Watoto wakaandika. Mimi nikageuka, nikaanza kuhesabu mikate.

Wakati wa kurudi, tumeshapita Karatu, watoto wamechoka, vumbi limewakaa kwenye kope, binti mmoja kiti cha nyuma akasimama. Namwona hadi leo. Mkono mmoja ameshika chuma cha kiti, mkono mwingine ameshika daftari langu. Si la historia, langu. Akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza. Jumanne ulituandikisha kwamba siku ya uumbaji ni saa ishirini na nne na dunia haijafika miaka elfu saba. Sasa hii milioni moja na laki saba na nusu niiandike siku ya ngapi?"

Basi zima kimya. Hata dereva alinitazama kwenye kioo.

Nikasema, "Kaa chini."

Akakaa. Lakini mimi nikaona haitoshi. Tulipofika shuleni nikampigisha magoti mbele ya bweni mpaka kengele ya chakula cha usiku. Kwenye kitabu cha adhabu, mahali pa kuandika kosa, niliandika neno moja: ujeuri. Mwalimu wa historia alipita, akaona, akaniuliza kafanya nini huyu. Nikamwambia hayo ni mambo ya dini, hayakuhusu.

Sikilizeni sasa. Swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikatafuta vitabu, nikauliza watu wenye elimu kuliko mimi, na baada ya muda nikaelewa kwamba kuna Wakristo wazuri, wenye kusali na kufunga, ambao hawakuzichukua siku zile kwa saa. Darasa lililofuata nikaandika ubaoni: "Siku: kipindi kirefu, kipimo chake anakijua Mungu." Basi. Sikuwaambia kwamba mwaka uliopita niliandika kingine. Nilipangusa ubao nikaendelea kama mtu ambaye hajawahi kusema vinginevyo tangu azaliwe.

Miaka ikapita. Siku moja niko kwenye harusi, mwanamke mtu mzima ananijia, amebeba mtoto. "Shikamoo Mwalimu." Marahaba. Ndiye. Tukaongea, akaniambia hivi: "Mwalimu, kwetu yapo madaftari mawili. Langu lina saa ishirini na nne. La mdogo wangu, uliyemfundisha baada yangu, lina kipindi kirefu. Wino mwekundu ni uleule na tiki ni ileile. Tukawa tunabishana nyumbani, mama akasema kamuulizeni mwalimu wenu. Nikamwambia mama, mimi simuulizi tena." Akacheka. Ni mtu wa kucheka yule. Mimi pilau ilinishinda.

Huwa nawaambia wachungaji: kanisa nalo lina madaftari mawili, na tiki ni ileile.

Najua kuna baba hapa mbele ameshakunja mikono. Anasema moyoni: "Saa ishirini na nne ni imani ya mababu, hivyo vipindi virefu ni vya wazungu wa sayansi." Sawa baba, twende kwa mababu. Tuanze na mababu wa bara hili hili. Origen wa Aleksandria, Misri, karne ya 3, zaidi ya miaka elfu moja na mia tano kabla ya Darwin kuzaliwa, aliuliza ni mtu gani mwenye akili atadhani siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na jioni na asubuhi bila jua wala mwezi. Na Augustino, askofu wa Hippo, pale panapoitwa Algeria leo, alisema Mungu aliumba vyote kwa mara moja, na kwamba siku hizo ni siku za aina gani ni vigumu kwetu, pengine haiwezekani kabisa, hata kuziwaza. Huyo hakurefusha siku. Alizifupisha hadi zikawa nukta moja!

Wapo waliokataa. Basil wa Kaisaria, karne ya 4, alihubiri saa ishirini na nne waziwazi. Luther naye alimpinga Augustino, akasema Musa anasema siku kwa maana ya siku. Tena alimpinga kwa kumtaja. Walibishana mchana kweupe, na hakuna aliyejifanya kwamba mwenzake hajawahi kuwepo.

Halafu anakuja Ussher, askofu mkuu wa Armagh, Ireland. Mwaka 1650 anatoa hesabu yake: dunia ilianza mwaka 4004 kabla ya Kristo, usiku wa kuamkia tarehe 23 Oktoba. Wanafunzi wangu hucheka. Msimcheke, alikuwa msomi, na hesabu kama hizo zilifanywa na wengi. Tatizo lilikuja kuanzia 1701, mwaka huo wa 4004 ulipochapwa pembeni mwa Biblia za Kiingereza. Mtu anafungua Mwanzo, anaona 4004 imekaa karibu na aya, anadhani Musa ndiye aliyeiandika.

Lakini hebu sikieni tena: usiku wa kuamkia. Wazungu wenyewe huhangaika kuieleza ile tarehe, maana kwao siku inakatika saa sita za usiku. Sisi hatuna shida. Kwa wazee wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule ambao wengine wanauita Alhamisi usiku. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Mswahili akisoma "Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja" haulizi kwa nini jioni imeanza. Na ndio sisi hao hao wenye wiki yenye siku mbili za tano, Jumatano na Alhamisi, tunaishi nayo na hakuna anayepotea njia ya sokoni. Tena tunasema "siku hizi" bila kuhesabu siku, na "siku za Mwalimu Nyerere" zilikuwa miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba neno siku ni gumu kwa watu wetu. Hata Mwanzo 2:4, sura inayofuata tu, inasema "Siku ile BWANA Mungu alipoziumba mbingu na nchi". Sita zote zimeingia kwenye moja.

Mwenyekiti, naiona saa. Nipe tu huyu fundi mawe.

Hugh Miller, alizaliwa 1802 Cromarty, kaskazini mwa Scotland. Si mchungaji, si profesa. Alianza kazi machimboni kijana mdogo, nyundo mkononi, na ndani ya mawe akakuta samaki. Visukuku vya samaki ambao hakuna mvuvi wa kwao aliyewahi kuwavua. Mtu wa kanisa sana huyo, mhariri wa gazeti la upande wa wainjili kule. Wakati ule wengi walimfuata Thomas Chalmers, mhubiri mkubwa, aliyeandika mwaka 1814 kwamba kati ya aya ya kwanza na kazi ya zile siku sita kuna pengo refu lisilohesabika: mawe yote ya kale yaingie kwenye pengo, kisha Mungu akatengeneza upya kwa siku sita za kawaida. Miller naye aliamini hivyo.

Akaendelea kugonga mawe. Akaona kwamba pengo halipo. Viumbe wa zamani hawakukatika pakawa giza tupu halafu wakaanza wa leo. Baadhi ya hawa tunaoishi nao walikuwepo kabla ya binadamu, mfululizo, bila kukatika. Kwa hiyo akahamia kwenye fundisho la kwamba zile siku ni vipindi virefu mno. Na hapa ndipo ninapompendea. Katika kitabu chake kilichotoka 1857, miezi michache baada ya kifo chake, aliandika kwamba zamani aliamini na Chalmers kuwa siku zile ni za saa ishirini na nne, na akaeleza ni nini kilichombadilisha. Daftari la kwanza aliliweka mezani karibu na la pili. Kama alikosea kwenye vipindi, na wapo watakaosema alikosea, mnajua pa kumkamatia. Mimi binti yule angenikamatia wapi?

Mtu ataniambia: Mwalimu, ukitangaza kwamba ulikosea, waumini watayumba. Wanayumba sasa hivi! Mtoto mwenye simu anajua dunia inahesabiwa miaka bilioni 4.5, na anajua mchungaji wa babu yake alisema elfu sita. Hakuna unachomficha. Anachosubiri ni kuona kama utajifanya hukusema.

Haya, yaliyobaki nayakimbiza. Dayton, Tennessee, Marekani, tarehe 20 Julai 1925, kesi ya mwalimu Scopes, aliyeshtakiwa kwa kufundisha shuleni kwamba binadamu ametokana na viumbe wengine. William Jennings Bryan, bingwa wa kuitetea Biblia, amewekwa kizimbani nje kwenye majani kwa sababu ya joto na umati, anahojiwa na Clarence Darrow, wakili wa Scopes. Anakiri kwamba hadhani siku zile lazima ziwe za saa ishirini na nne. Husimuliwa kwamba watu wake walishtuka. Lakini Bryan hakuwa anasaliti mtu. Waliojiita watetezi wa Biblia wakati ule wengi walikuwa na vipindi virefu au pengo la Chalmers. Akafariki siku sita baadaye, na hizo zilikuwa za saa ishirini na nne, hakuna ubishi.

Kilichorudisha saa ishirini na nne kwa wainjili wengi, mpaka ikawa kipimo cha nani ameokoka vizuri, ni kitabu cha Wamarekani wawili, Whitcomb na Morris, kuhusu gharika ya Nuhu. Kilitoka 1961. Mwaka wa uhuru wa Tanganyika! Baba uliyekunja mikono, imani ya mababu katika sura hiyo ni rika langu.

Wakatoliki: tume yao ya Biblia ilisema 1909 kwamba siku inaweza kushikwa kama siku ya kawaida au kama muda fulani, na watu wajadili kwa uhuru. Iliandikwa, ipo. Russell, ambaye kutoka kwa kundi lake la Wanafunzi wa Biblia walitokea Mashahidi wa Yehova, 1904: kila siku ya uumbaji miaka elfu saba kamili, jumla arobaini na tisa elfu. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuja kuwafanya Mashahidi wa Yehova wengi waitazame 1975 kwa macho makali, wakidhani mwisho wa dunia hii umefika. Kufikia 1988 ensaiklopidia yao inasema maelfu ya miaka tu, na ile elfu saba imetoweka. Wasabato, 2015, San Antonio, Texas, waliongeza kwenye fundisho lao la uumbaji kwamba ulikuwa wa hivi karibuni, na siku ni siku halisi. Sikubaliani nao. Lakini walijadili na kupiga kura mbele ya ulimwengu, na maneno ya zamani na mapya yote yanasomeka. Kwa hilo nawavulia kilemba.

Nilikuwa na hoja kuhusu siku ya saba, ile isiyo na jioni wala asubuhi yake, na nyingine kuhusu Waislamu, ambao Qurani yao nayo inataja siku ya miaka elfu na siku ya miaka elfu hamsini. Mwenyekiti amesimama kabisa. Basi nimeziacha.

Lakini kuna binti pale nyuma, amenyoosha mkono tangu niko Scotland. Ndiyo, wewe mwenye daftari. Simama, mwanangu, uliza.