Diski Inayoitikia Hodi

Vijana wangu, hamjambo. Leo nataka tuzungumze juu ya kupachika mifumo ya faili (mount), yaani kuunganisha folda za diski au seva na kompyuta, pale tu inapohitajika.

Mnakumbuka siku ile umeme ulipokatika ukarudi? Kompyuta zote za maabara ziliwaka kwa pamoja, seva ya faili ikachelewa kwa kuwa ilikuwa bado inakagua diski zake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika katika /etc/fstab ya kila kompyuta, faili inayoorodhesha vitu vya kupachika, kwamba /home, zinapokaa folda zenu, ipachikwe wakati wa kuwaka. Basi zikaganda zote zikiisubiri seva, nanyi mmesimama nyuma ya viti. Jioni ile niliifuta mistari hiyo, nikaweka autofs, inayopachika folda pale tu inapoitwa.

Wazo ni la zamani. Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, iliyotuletea NFS (njia ya kutumia faili za seva kupitia mtandao), ilitoa automount na SunOS 4.0 mwaka 1988. Autofs ya kwanza ya Linux aliiandika H. Peter Anvin.

Ukiandika cd /home/amina ili kuingia folda ya Amina, kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, inaona pale hapajapachikwa kitu. Inakusimamisha, inaiarifu programu ya automount. Programu inasoma ramani yake, yaani orodha ya folda na mahali zilipo, inapachika folda kutoka kwenye seva, inajibu kwamba tayari, na amri yako inaendelea. Unachohisi ni kusita kidogo tu. Na ramani yetu nzima ni mstari huu:

* -fstype=nfs4 seva:/export/home/&

Nyota inapokea jina lolote utakaloita; alama ya & inalirudia jina hilohilo upande wa seva. Akija mwanafunzi mpya, siongezi hata herufi. Naupenda sana mstari huu.

Ila nyota haijui majina kabla hayajaitwa. Binti mmoja alinijia machozi yanamlenga: ameandika ls /home ili kuona orodha ya folda, hakuona kitu, akaamini mradi wake wa mwaka wa mwisho umefutika. Nikamwambia aongeze jina lake mbele. Faili zikajitokeza zote, akaketi chini palepale.

Autofs haiponyi kila kitu. Seva ikizimika wakati folda imeshapachikwa, bado mtakwama.

Folda isipoguswa kwa sekunde 300, kwa jinsi nilivyopanga, inabanduliwa yenyewe. Lakini kama kuna terminali (dirisha la kuandikia amri) iliyobaki ndani yake, haibanduki. Kwa hiyo Ijumaa, kabla sijaizima seva kubadilisha diski, nawaomba kila mmoja aandike cd / katika madirisha yake yote, ili atoke ndani ya folda yake.